UZI: Samaki wa China Kisumu: tatizo ni forodha, au ni mzani wetu wenyewe?

NamLolwe (mwanzisha uzi)

Salamu wote. Kila ngege, yaani tilapia wa ziwa letu, anapoadimika masoko ya Jubilee na Kibuye, wimbo ni ule ule: fungeni bandari, samaki wa China, yule tilapia aliyegandishwa, asiingie. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alihoji hadharani samaki huyo kuletwa nchini, vibali vya kuagiza vikasimamishwa kwa muda, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Naomba safari hii tupige hesabu kwanza, hasira baadaye.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipige mawe vizuri: ushuru wa forodha una kazi yake, ila tunautwika mzigo usio wake. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa samaki anayetoka nje ya jumuiya ni asilimia 25. Sasa tazameni kizimba kimoja cha kufugia samaki ziwani, au keji kama wengi huku tunavyosema.

Mita 6 kwa 6, kina mita 2.5. Hiyo ni mita za ujazo 90. Weka vifaranga 6,000. Akifa mmoja katika kila kumi, utavuna 5,400. Kila mmoja gramu 400, jumla kilo 2,160. Nachukulia chakula ni sh 140 kwa kilo na kifaranga sh 10. Ni bei za mfano, weka za kwenu, mwelekeo hautabadilika.

Ukitumia kilo 1.6 za chakula kupata kilo moja ya samaki, umelisha kilo 3,456, sawa na sh 483,840. Ongeza vifaranga sh 60,000. Kila kilo ya samaki imekugharimu sh 252.

Ukitumia kilo 2 kupata kilo moja, umelisha kilo 4,320, sawa na sh 604,800. Pamoja na vifaranga, kila kilo ni sh 308.

Tofauti ni sh 56. Sasa chukua samaki aliyefika Mombasa kwa sh 150 kwa kilo, tena mfano tu. Asilimia 25 yake ni sh 37.50. Kwa hiyo kulisha vibaya peke yake kunameza ulinzi wote wa forodha na bado kuna njaa. Na hapo hujamlipa mlinzi wa usiku, hujanunua mafuta ya boti, hujashona wavu uliotobolewa.

---

Dala_Omena

Hiyo 1.6 inapatikana bichi (ufuo wa wavuvi) gani? Kwenye karatasi ya muuza chakula?

---

Mlishaji

@Dala_Omena inapatikana, ila haipatikani kwa kumwaga debe na kurudi kulala. Niseme inapopotelea.

Kwanza ni kulisha kwa mazoea. Kiasi hutokana na uzito wa samaki walio ndani ya maji siku hiyo. Kifaranga wa gramu chache hula karibu asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake kwa siku, na huyu wa gramu 200 kwenda juu anatosheka na 2 hadi 3. Ndiyo maana kila wiki mbili unachota samaki 50 hadi 100, unapima, unapata wastani, unazidisha na idadi iliyobaki hai. Wengi hawapimi. Wanakisia kwa macho, na jicho la mwenye keji siku zote huona samaki wakubwa kuliko walivyo.

Pili ni idadi. Asiyeandika waliokufa kila asubuhi hulisha mizimu. Uliweka 6,000, wamebaki 4,500, wewe bado unamwagia 6,000.

Tatu ni saa. Alfajiri oksijeni majini iko chini kuliko wakati wowote wa siku. Ukimlisha saa kumi na mbili anakula kwa shida, na chakula kinapita. Subiri jua lipande, saa tatu hivi, kisha tena saa kumi jioni. Ukiona wanapanda juu wanatweta midomo wazi, usilishe kabisa.

Nne ni chakula chenyewe. Kinachozama kinapita kwenye matundu ya wavu na kuwalisha samaki wa ziwa bure. Kinachoelea unakiona kikiliwa, na ukiona kasi imepungua unaacha. Vifaranga wanahitaji protini ya asilimia 40 hivi, wakubwa 28 hadi 30 inatosha, kwa hiyo kumpa mkubwa chakula cha mtoto ni kutupa pesa. Na magunia yasilale sakafuni. Unyevu ukileta kuvu, sumu yake inadumaza samaki polepole na hutajua kwa nini hawakui.

Chakula ni kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama yote ya ufugaji huu. Kwa hiyo hesabu ya NamLolwe naikubali.

---

Mkulima_Nyando

NamLolwe, hesabu nzuri, lakini umewasamehe wachina mapema mno.

China huwarudishia wauzaji wa nje sehemu ya VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Wana mabwawa ya Guangdong, Hainan na Guangxi yenye viwanda vya chakula mlangoni, na minofu yao kwa miaka mingi ilikuwa ikienda Marekani. Septemba 2018 Marekani ikaongeza ushuru wa asilimia 10 juu ya tilapia ya China, Mei 2019 ikawa 25. Samaki aliyefungiwa mlango ule hakurudi bwawani, alitafuta mlango mwingine. Afrika hununua zaidi samaki mzima aliyegandishwa, ilhali Marekani hununua zaidi minofu. Mvuvi wa Nyakach hajawahi kuketi kwenye mkutano wa Washington na Beijing, lakini bei yake imo humo.

La pili ni namna ushuru unavyokokotolewa. Asilimia 25 ya nini? Ya thamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwagizaji akiandika sh 100 badala ya 150, ushuru unashuka kutoka 37.50 hadi 25. Mchele na sukari vina ulinzi wa aina mbili: asilimia, au dola kadhaa kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi ndiyo hutozwa. Kwa mchele wetu ni asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Kilo ni kilo, haidanganywi kwa karatasi. Kwenye ushuru wa forodha samaki hana kipengele hicho. Badala ya kupigia kelele marufuku, wabunge wetu wangedai hicho.

---

NamLolwe

@Mkulima_Nyando hapo kwa dola kwa tani umenishinda, nakubali. Ila nani atalipa? Mama wa mtaa wa Nyalenda anayenunua kipande kimoja cha jioni ndiye atakayelipa. Wakenya hula samaki chini ya kilo 5 kwa mtu kwa mwaka, dunia ni karibu 20. Ziwa upande wetu lilikuwa likitoa takriban tani 200,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 2019 ilikuwa kama 90,000. Ukimfungia mchina kesho, hiyo nafasi inajazwa na nani?

---

Mkulima_Nyando

Inajazwa na keji, ukiwapa muda.

---

Mlishaji

Muda na mahali. Keji zimesongamana kwenye ghuba zenye maji mafupi kwa sababu huko ni karibu kulinda. Chini ya wavu panapaswa kubaki nafasi angalau sawa na kina cha wavu wenyewe, na mkondo wa maji unaosukuma kinyesi. Upepo ukigeuza maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni hupanda. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita samaki wanadhoofika, na ikizidi kushuka unaokota maiti asubuhi. Mwishoni mwa 2022 upande wa Kisumu walikufa kwa wingi, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, walitaja upungufu wa oksijeni. Kifaa cha kupima oksijeni ni bei ya magunia machache ya chakula, lakini utakuta ghuba nzima yenye keji kibao haina hata kimoja.

Na malighafi je? Protini ya chakula hicho ni omena (dagaa) na soya. Sehemu kubwa ya soya huvuka mpaka. Omena hufungwa kuvuliwa tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, na hata msimu ukifunguliwa kiwanda cha chakula kinagombania debe lile lile na mama wa sokoni. Tunafuga samaki kwa samaki wa maskini. Sijui mbona hili halisemwi kwenye mikutano ya wafadhili.

---

Wakili_wa_Ufuo

Niwarudishe nyuma kidogo, maana mnaongea kana kwamba dunia imetufikia juzi na kontena la tilapia. Mbuta, yaani sangara wa ziwa letu, ametufunza somo hili tayari.

1997 Uhispania na Italia walipata salmonela kwenye minofu ya mbuta. Mwisho wa mwaka huo Umoja wa Ulaya ukafunga samaki wa Afrika Mashariki kwa ajili ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haikuwa na msingi. 1999 wakafunga tena, safari hii kwa hofu ya wavuvi wanaotumia sumu ya wadudu. Tanzania ikafunguliwa, Uganda ikafuata, Kenya ikawa ya mwisho.

Kwa nini ya mwisho, na maji ni yale yale? Ulaya haikagui kila samaki. Inataka mamlaka moja ndani ya nchi inayoweza kusema: kiwanda hiki nimekikagua, nikikuta kasoro nakifunga. Kwetu kazi hiyo ilikuwa imegawanyika kati ya idara ya uvuvi, wizara ya afya na shirika la viwango. Kila mmoja alikuwa na muhuri, na hakuna aliyekuwa na jibu. Mkaguzi wa Brussels akiuliza nani anawajibika, anaelekezwa mlango wa pili.

Sasa watu wanashangilia mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Ulaya, uliosainiwa Desemba 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Ni mzuri, unalinda kuingia bila ushuru. Lakini mbuta hakuwahi kuzuiwa na ushuru. Alizuiwa na choo cha bichi, maji ya kuoshea na karatasi ya mkaguzi. Masharti ya Ulaya kwa samaki mbichi ni rahisi kuyasema: joto karibu na la barafu inayoyeyuka, maji safi ndiyo yatumike kuoshea, sakafu inayooshekeka. Nenda bichi yoyote saa moja asubuhi uhesabu ngapi zina hayo matatu.

---

Dala_Omena

Wakili, kuna ile cheti ya kuonyesha samaki hakuvuliwa kiharamu. Hiyo nayo inatukaba?

---

Wakili_wa_Ufuo

Hapana, na wengi hukosea hapo. Kanuni ya Ulaya namba 1005 ya 2008, iliyoanza Januari 2010, inahusu samaki wa baharini. Wa maji baridi wametolewa. Kwa hiyo mbuta wa sentimita 30 aliyevuliwa kwa wavu haramu anaweza kufika mezani Ulaya akiwa safi kiafya. Wanajali tumbo la mlaji. Ziwa ni letu kulilinda.

---

Fundi_Barafu

Kuhusu joto, acheni niweke mambo ya mkono.

Kwa hali yetu ya hewa, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, siyo konzi mbili juu kama chumvi. Sanduku liwe na kuta zinazozuia joto na tundu la kutolea maji chini. Tandaza barafu ya kusagwa kama sentimita 5, safu ya samaki, barafu, safu ya samaki, funika juu. Barafu ya mabonge makubwa inaacha nafasi za hewa na kumchubua samaki. Maji yaliyoyeyuka yatoke, yasigeuke supu ya damu. Mbuta aliyewekwa hivyo tangu anatoka majini hukaa wiki mbili na zaidi. Aliyelala kwenye mbao za mtumbwi juani ameshaharibika kabla ya jioni, na barafu ya baadaye haimfufui.

Kasoro iko kwa anayelipa barafu. Mitambo ya barafu ilijengwa bichi kadhaa kwa pesa za umma na za wafadhili. Ukienda utakuta imefungwa: bili ya stima (umeme) haikulipwa, kipuri kimekosekana, au haikuwahi kuunganishwa. Kujenga kuna utepe wa kukata. Bili ya kila mwezi haina sherehe. Basi barafu inayofika majini ni ya boti ya wakala, na wakala huyo ndiye aliyekopesha nyavu na injini. Mvuvi akishachukua hivyo, samaki wake ana mwenyewe kabla hajavuliwa, na bei husemwa na huyo mwenyewe. Samaki wa China haonekani mahali popote hapo.

---

MamaMgongo

Mnasema samaki, samaki, hamjasema nani anakula nini. Mbuta akiingia kiwandani, mnofu ni kama asilimia 40 na kidogo ya uzito wake. Huo unapanda ndege. Kinachobaki, kichwa na uti, ndicho mgongo wazi kinachokaangwa Obunga na kulisha mtaa. Viwanda vya minofu vilikuwa zaidi ya kumi miaka ya 1990, vingi vimefunga. Vikifunga, hata mfupa unaadimika. Ndipo tilapia ya katoni, kilo 10 iliyopangwa kwa ukubwa, inaingia kwa wakaangaji bila kubisha hodi. Ina faida moja ambayo hakuna anayeisema: kila kipande kina ukubwa uleule, kwa hiyo mkaangaji anajua faida yake kabla ya kuwasha jiko. Samaki wa ziwa huuzwa kwa fungu na kwa bahati.

Halafu mabondo. Lile puto la ndani la mbuta likikaushwa linaenda Hong Kong na China, na kilo yake inapita mbali bei ya mnofu. Samaki mkubwa ndiye mwenye bondo kubwa. Sasa niambieni nani atamwachia mbuta wa sentimita 90.

---

Wakili_wa_Ufuo

@MamaMgongo na hapo ndipo sheria inapovunjika kutoka juu na chini kwa pamoja. Mbuta halali ni sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50 hajazaa, juu ya 85 ndiye mzazi mkuu, mayai yake ni mengi kupita kiasi. Nyavu za kukokota ufukweni zilipigwa marufuku 2001, na bado zinakokotwa.

Nchi tatu zilianzisha shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa mwaka 1994, makao Jinja. Vipimo vinakubaliwa pamoja, ila kila mmoja anakamata kivyake. Uganda mwaka 2017 ilianza kutumia jeshi, tena kwa mkono mzito. Sisi wenye asilimia 6 ya ziwa tuna katiba inayogawa kazi: jedwali la nne linaipa serikali kuu ulinzi wa maliasili pamoja na uvuvi, na linawapa kaunti uvuvi chini ya kilimo. Ongeza walinzi wa pwani, kwa sheria ya 2018. Kaunti tano zinagusa maji: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori. Wavu haramu ukikamatwa Homa Bay, mwenyewe anahamia Siaya usiku huohuo.

---

Dala_Omena

BMU, zile jumuiya za kusimamia bichi, je? Si ndizo zilipewa bichi tangu kanuni za 2007?

---

Mzani_wa_Bichi

Zilipewa bichi, hazikupewa mshahara. Kwa kanuni hizo za 2007, kamati ya BMU ni watu 9 hadi 15: asilimia 30 wenye mitumbwi, 30 vibarua wa mitumbwini, 30 wadau wengine kama mafundi wa nyavu, na 10 wachuuzi. Wanawake wasipungue 3. Angalia hiyo 10. Wachuuzi ndio wanaopoteza pesa samaki akioza na mzani ukidanganya, na wengi wao ni wanawake. Katika kamati ya 10 ni kiti kimoja. Halafu tunaiomba kamati iliyojaa watu wa mitumbwini iwakamate wenye mitumbwi.

Mapato yake ni shilingi chache kwa kilo inayopimwa. Kwa hiyo bichi isiyopima haina mapato, na isiyo na mapato haina wa kupima. Inazunguka hapo miaka nenda rudi.

---

Mkulima_Nyando

Na mabwawa ya samaki ya serikali ya 2009 yalifia wapi?

---

Mlishaji

Yalifia kwenye chakula, kama ulivyotarajia. Mpango wa kuchochea uchumi ulianza na mabwawa 200 kwa kila moja ya maeneo bunge 140, yaani 28,000, kila bwawa mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Uzalishaji wa ufugaji nchini ukapanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014. Kufikia 2016 ulikuwa karibu 15,000. Walipewa bwawa, kifaranga na chakula cha mwanzo bila malipo. Cha bure kilipoisha, mtu alikuta samaki 1,000 wa gramu 300, ambao ni kilo 300 tu kwa miezi minane, soko liko kilomita 40 na hana barafu. Bwawa likawa la bata.

Kwa hiyo nikisikia "ongezeni ushuru ili mkulima apumue", nauliza: apumue akifanya nini?

---

Mkulima_Nyando

Akijifunza kupima samaki kila wiki mbili, kama ulivyosema. Lakini atajifunzaje akiwa amefilisika mavuno ya kwanza kwa sababu katoni imefika sokoni kwake na bei iliyopikwa kwenye karatasi? Mimi sitaki ukuta wa milele. Nataka kiwango kwa kilo, kwa miaka inayojulikana mwanzo na mwisho, na pesa hiyo irudi bichi kulipa stima ya barafu badala ya kupotelea Nairobi.

---

Fundi_Barafu

Hiyo ya stima ya barafu naiunga mkono kwa mikono miwili.

---

Dala_Omena

@Mzani_wa_Bichi swali la mwisho kutoka kwangu. Bichi yetu ina mzani wa kuning'inia, wachuuzi wanalalamika kila siku kwamba kilo zinapungua sokoni. Wizi au maji?

---

Mzani_wa_Bichi

Vyote vinawezekana, pima ujue. Ning'iniza karai au gunia tupu likiwa limelowa, siyo kavu, na urudishe mshale sifuri hapo. Karai la chuma laweza kuwa kilo 2, na asiporudisha sifuri, kwa karai 10 umelipia kilo 20 za chuma. Kisha chukua kitu chenye uzito unaojulikana, kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na mfuko wa sukari wa kilo 2. Pima vyote viwili, kwa sababu springi iliyochoka hudanganya zaidi kwenye uzito mkubwa. Ikipishana, mzani uende kwa ofisi ya vipimo na mizani ukapigwe muhuri, hilo hufanywa kila mwaka. Ukiwa sawa, basi ni maji: samaki huvuja akiwekwa kwenye gunia bila barafu. Pima wakati wa kununua, pima tena ukifika sokoni, uandike siku saba mfululizo. Upungufu wa kila siku ulio karibu sawa ni maji. Unaorukaruka kulingana na nani ameshika mzani, hilo lipeleke kwenye mkutano wa BMU na hiyo karatasi yako.